Kabla mwanao hajapanda baskeli kwenda mbali: joto, maji na pumzi

Mama mmoja wa Vitongoji, Pemba, alisubiri watu wapungue ndipo akanisogelea. "Nina kijana wangu ana miaka 15," alisema. "Ana pumu tangu mdogo. Sasa yeye na wenziwe wamepanga, sikukuu ikifika, wapande baskeli kutoka hapa mpaka Ngezi, waogelee Vumawimbi, warudi jioni. Baba yake amekataa. Mimi naona tukikataa atakwenda kwa kujificha, na dawa ataiacha nyumbani ili wenziwe wasimuone nayo. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, swali hili si la mama huyu peke yake. Wazazi wengi wenye watoto wenye pumu, selimundu au kisukari wanalo. Hata mtu mzima anayemeza dawa za presha, ambaye rafiki zake wamemwalika safari ya baskeli, anajiuliza vivyo hivyo: niende au nisiende?

Jibu langu kwa mama lilikuwa hivi: usimkataze kwa sababu ya pumu peke yake, lakini pia usimruhusu bila ya mpango. Mazoezi ni mazuri kwa mwenye pumu iliyodhibitiwa, kwa mwenye kisukari na kwa mwenye presha. Kinachowaangusha watu njiani mara nyingi ni hesabu ambayo haikufanywa nyumbani: ya joto, ya maji, ya dawa na ya saa. Wiki hii tuifanye pamoja.

IJUE NJIA KWANZA

Pemba husifiwa kwa ukijani wake, na Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani. Sifa hiyo inafaa zaidi upande wa magharibi, kwenye udongo mzito na mikarafuu. Upande wa mashariki, kama Vitongoji, ukielekea pwani unakutana na maweni: mawe ya matumbawe ya kale, makali, yenye udongo mchache juu yake na vichaka vifupi. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mawe na kupotea. Kivuli ni kidogo, na jiwe jeupe linalirudisha jua usoni kwako.

Wanaosafiri kwenda Ngazija watakumbuka kitu kama hicho. Kule mawe ni ya volkano, yaliyotoka mlima Karthala, meusi badala ya meupe, lakini tabia ni ile ile: mvua inapenya, mito ya kudumu hakuna, na watu wamezoea kuhifadhi maji ya mvua kwenye matangi. Mwendesha baskeli akiwa kwenye mawe ya namna hii, yawe ya volkano au ya matumbawe, asitegemee kuyakuta maji njiani. Ayabebe, au ajue kwa hakika nyumba, duka au msikiti atakaosimama kujaza chupa. Na visima vya karibu na bahari mara nyingi maji yake yana chumvi.

Jambo la pili ni vilima. Pemba haina milima mirefu, lakini barabara zake hupanda na kushuka bila kuchoka. Kilima kimoja kifupi hakimsumbui kijana. Vilima 20 vifupi, jua likiwa utosini, ni habari nyengine.

La tatu ni upepo. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini. Kijana anayetoka Vitongoji kwenda kaskazini atasukumwa mgongoni na ataona safari ni rahisi. Akigeuka kurudi, amechoka, upepo ule ule unampiga kifuani. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda ndiko kugumu, na joto ni kali zaidi. Kwa hiyo usipime nguvu za mwanao kwa nusu ya kwanza ya safari.

HESABU YA SAA

Kutoka Vitongoji, kupitia Chake Chake na Konde, mpaka Ngezi ni karibu kilomita 50. Kijana mwenye baskeli ya kawaida, katika vilima na kwa mapumziko mafupi, atakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Hizo ni takriban saa nne za kupiga pedeli kwenda, na nyengine nne kurudi.

Sasa tazama jua. Wakitoka saa 12 asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, watafika kwenye saa 4. Vizuri. Lakini kuanzia saa 4 mpaka saa 10 jioni ndio muda ambao mtu hapaswi kuwa juu ya baskeli kwa safari ndefu. Wakingoja jua lipoe na kuondoka saa 10, watafika Vitongoji saa 2 usiku, katika barabara zenye magari, bila taa na wakiwa hoi. Wakiondoka saa 7 mchana ili wawahi, watapanda vilima katika joto kali kuliko yote.

Nilipomfanyia mama hesabu hii kwenye karatasi, alicheka. "Kumbe tatizo si pumu," alisema. Ndivyo ilivyo. Safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja ilikuwa mbaya hata kwa wale wenziwe wazima. Njia ni mbili: walale kwa jamaa Konde na warudi asubuhi ya pili, au waende kwa baskeli na warudi kwa gari ya abiria, baskeli zikifungwa juu ya keria.

JOTO LINAVYOMWANGUSHA MTU

Mwili wenye afya hukaa kwenye nyuzi joto 37 au karibu na hapo. Misuli inapofanya kazi hutengeneza joto jingi, na mwili hulitoa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Pwani kwetu hewa ina unyevu, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka upesi, na kupoa kunachelewa. Mtu mzima anayefanya kazi nzito katika joto anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, pengine na zaidi, pamoja na chumvi.

Dalili za mwanzo ni kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na udhaifu. Huu ni uchovu wa joto. Mtu akipumzika kivulini, akalegeza nguo, akamwagiwa maji na kunywa, kwa kawaida anapata nafuu ndani ya nusu saa. Lakini safari yake kwa siku hiyo imekwisha. Asipande tena baskeli.

Hatari kubwa ni kiharusi cha joto, pale joto la mwili linapofika nyuzi 40 au zaidi na ubongo kuanza kuathirika. Utamjua mtu huyu kwa maneno yake: anajibu ovyo, hajui yuko wapi, anayumba kama mlevi, anakuwa mkali bila sababu, anapata degedege au anazimia. Usidanganywe na jasho. Wengine ngozi hukauka, lakini aliyekuwa akifanya mazoezi anaweza kuwa bado anatoka jasho.

Hapo kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kusita. Weka vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mmoja apoze na mwengine atafute gari. Usimnyweshe kitu mtu asiye na fahamu, kwani kitaingia kwenye mapafu. Wala usipoteze muda kutafuta parasetamoli. Dawa hiyo hushusha homa ya maradhi, haisaidii joto la namna hii.

MAJI: KIASI GANI, NA YA NAMNA GANI

Mtoto akiwa na wenzake husahau kiu, au huona haya kuwasimamisha. Kwa hiyo msimwachie kiu iwe ndiyo saa yake. Wapangeni wote wasimame pamoja kila baada ya dakika 20 na wanywe mafunda machache. Kwa wengi wa rika la kijana huyu, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inatosha. Kwa saa nne za kwenda, kila mmoja anahitaji lita mbili hadi tatu. Chupa moja ya maji haitoshi.

Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara. Anayekunywa maji matupu lita kwa lita huku anapoteza chumvi kwa jasho anaweza kuishiwa chumvi katika damu, akapata kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana katika safari ya zaidi ya saa mbili inafaa chupa moja kati ya zile iwe na maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya dawa ya kuharisha, ile ya kuchanganya na lita moja ya maji safi, inafaa. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi.

Madafu ni kinywaji kizuri, lakini yana chumvi kidogo ya aina inayopotea kwa jasho, kwa hiyo kula pamoja nayo kitu chenye chumvi. Mgonjwa wa figo asinywe madafu mengi bila kuuliza daktari wake, kwa sababu yana potasiamu nyingi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani viacheni. Vinaharakisha moyo na havijazi maji yaliyopotea.

Kabla ya kutoka, kijana ale kitu chepesi: uji, mkate, ndizi mbivu au muhogo wa kuchemsha. Njiani abebe tende na ndizi. Njia rahisi ya kujua kama maji yanatosha ni mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu, hali ni nzuri, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, simama unywe.

MWENYE PUMU

Kabla ya kusema ndiyo, jiulize kuhusu wiki nne zilizopita. Je, amekohoa au kubanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ameamshwa usiku na kifua? Amehitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza, ile ambayo kopo lake mara nyingi huwa la bluu, zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ameacha mchezo kwa sababu ya pumzi? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, pumu yake haijadhibitiwa vizuri. Mpeleke hospitali kwanza. Huenda anahitaji dawa ya kinga, inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Wazazi wengi wanaijua ile ya bluu tu, kwa sababu nafuu yake inaonekana papo hapo, lakini ile ya bluu hufungua njia kwa saa chache na haiondoi uvimbe.

Siku ya safari aanze polepole kwa dakika 10, asitoke mbio na wenzake. Kama daktari amemwelekeza kuvuta dawa kabla ya mazoezi, avute robo saa kabla ya kupanda. Dawa ikae mfukoni mwake mwenyewe, isiwe kwenye mkoba wa mtu aliyetangulia. Wala isifungwe kwenye keria ya chuma juani, kwa sababu kopo lile halipaswi kupata joto kali. Pita mbali na moshi wa tanuri za makaa na chokaa.

Wenziwe wote wajue dawa iko wapi na inatumikaje. Hili ndilo kijana alilolionea haya, na ndilo linaloweza kumuokoa. Akibanwa: asimame, akae wima, asilale. Avute pumzi moja ya dawa kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, mpaka kumi ikihitajika, kupitia kile chombo cha kuvutia au chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa dawa. Ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, au nafuu haiji baada ya pumzi kumi, ni hospitali mara moja, na dawa iendelee njiani.

WENYE MARADHI MENGINE

Mwenye selimundu. Kukaukiwa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Safari ndefu ya namna hii asiende bila idhini ya daktari anayemfuatilia. Matembezi mafupi ya asubuhi, kwa mwendo wake, na maji mkononi, yanamfaa zaidi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini. Kupiga pedeli kunashusha sukari, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku baada ya safari. Apime kabla, katikati na kabla ya kulala. Daktari amwambie mapema kama apunguze kipimo. Awe na sukari au juisi mfukoni, na asiende peke yake. Insulini isikae juani: ifungwe kwenye kitambaa chenye maji ndani ya kikopo kisichopitisha joto.

Mwenye presha. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na katika joto zinaweza kumkausha mtu na kumpa kizunguzungu. Usiziache kwa uamuzi wako. Muulize daktari wiki mbili kabla. Na maumivu ya kifua juu ya kilima si uchovu mpaka daktari aseme ni uchovu.

Kwa wote: usimeze diklofenaki au dawa kama hizo ili miguu isiume. Mwili uliokauka maji pamoja na dawa hizo ni mzigo mzito kwa figo.

BASKELI NA MAWENI

Siku tatu kabla, baskeli ipite kwa fundi: breki zote mbili, mnyororo, tairi na spoki. Wabebe pampu, tyubu ya akiba na viraka, kwa sababu maweni hayana huruma na tairi. Kila mmoja avae kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana. Waende kwa mstari mmoja, upande wa kushoto wa barabara.

Kidonda cha maweni kinaonekana kidogo lakini huwa na vipande na uchafu ndani. Kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, vipande vitolewe, kifunikwe. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kikiwa kirefu au kichafu, nenda hospitali na kadi ya chanjo, kwa sababu ya pepopunda. Mtoto alichanjwa akiwa mchanga, lakini huenda sasa anahitaji ya kuongeza nguvu. Aliyepiga kichwa na baadaye akatapika, akasinzia ovyo au akasahau yaliyotokea, asingoje asubuhi.

Andika kwenye karatasi vituo vya afya vilivyoko njiani. Vitongoji wenyewe pana hospitali, Chake Chake ipo, na Wete ipo. Andika pia namba za wazazi wawili na jina la dawa anayotumia mtoto.

MWILI HAUZOEI KWA SIKU MOJA

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kazi katika joto. Hapa ndipo mpango wa vijana wale ulipokuwa na kasoro nyengine. Walitaka kwenda sikukuu ndogo, yaani mara tu baada ya mwezi wa Ramadhani. Mwezi mzima hawakuwa wakifanya mazoezi ya mchana wala kunywa maji mchana. Kutoka hapo moja kwa moja kwenda kilomita 50 si busara.

Nilimshauri mama wasubiri sikukuu kubwa. Kati ya sikukuu hizo mbili kuna kiasi cha wiki kumi, na wiki kumi zinatosha kumjenga kijana. Waanze na kilomita 10 asubuhi, mara tatu kwa wiki, wakiongeza kidogo kidogo. Jaribio kubwa liwe safari ya kwenda Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, ambayo ni fupi kuliko ya Ngezi lakini ina jua na vilima vya kutosha kumpima mtu.

Wakifanya jaribio, mzazi atazame mambo matatu. Amerudi na chupa tupu au bado imejaa? Amekohoa usiku ule? Asubuhi ameamka na nguvu? Majibu hayo yanasema ukweli kuliko maneno ya kijana.

MAMA ALIPORUDI

Baadaye mama alinipa habari. Baba alipoona hesabu ya saa alikaa na vijana wote barazani, si mwanawe peke yake. Walikwenda Pujini. Kijana alirudi mzima, lakini usiku alikohoa mpaka akaamka mara mbili. Safari hii hakuficha. Hospitali walimpa dawa ya kinga, na wakamwonyesha upya namna ya kuvuta, kwa kuwa miaka yote alikuwa akiitoa dawa kabla haijafika kifuani.

"Sasa anauliza kama dawa itamtosha mpaka sikukuu kubwa," alisema mama. "Zamani ilikuwa mimi ndiye ninayemuuliza."

Kama kikohozi cha usiku hakijakoma kufikia hapo, atakwenda Konde kwa gari pamoja na chakula na maji ya wenzake, na kupanda baskeli kipande cha mwisho tu mpaka Ngezi. Amekubali. Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kumkatalia au kumruhusu mwanao, chukua karatasi, uandike saa, maji na dawa, kisha mketi mfanye hesabu pamoja.